Kiti cha Jamaa

Fuatino alikuwa na mdomo. Hilo kisiwa kizima cha Savai'i walilijua, na mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitangaza. Ukimuuliza habari za ukunga wake pale hospitali ya wilaya, atakwambia, "Nusu ya kijiji nimewapokea kwa mikono hii. Nusu iliyobaki walitoka wenyewe kwa kuogopa kelele zangu."

Mwezi wa kulipia usajili ulipofika, mdomo huo ulipata kazi rasmi. Wauguzi na wakunga wote hulipa ada ya mwaka kwa baraza kule Apia, ng'ambo, ndipo wapewe cheti cha kufanyia kazi. Asiye na cheti hamgusi mgonjwa, hata awe na ujuzi wa malaika. Basi Fuatino alizunguka wodini kashika kiuno. "We umelipa? Na wewe, macho ya samaki, umelipa? Mnangoja nini, ada iive?" Wasichana waliguna chini kwa chini, na walikuwa na haki ya kuguna, maana ada ilikuwa imepanda tena na mshahara umekaa palepale kama jiwe la kuokea taro, magimbi yetu.

Mwaka mmoja msichana anayeitwa Epenesa alithubutu kumjibu. "Mama Fuatino, huu si uonevu? Mtu unalipa kiingilio ili uende ukafue mashuka yenye damu!"

"Kama kiingilio kinakuuma, kauze nazi," Fuatino alisema. "Nazi haina baraza."

Epenesa alilipa. Miaka ikapita, akasoma, akapanda, na sasa ndiye msimamizi wa wauguzi pale pale, yaani ndiye bosi wa Fuatino.

Kitu kingine ambacho Fuatino hakukionea huruma ni kiti. Katika chumba cha kujifungulia palikuwa na kiti cha plastiki pembeni, karibu na dirisha, cha ndugu mmoja wa mzazi. Hapo walikaa mama wa wazazi, na mama wakishakaa huanza: msukumeni hivi, mlazeni vile, mimi nilivyozaa huyu. Fuatino alikuwa na sentensi moja kwao wote. "Hicho ni kiti cha jamaa, na jamaa ana kazi moja, kunyamaza." Aliyefungua mdomo mara ya pili alitolewa nje, awe mke wa nani. Mke wa mchungaji naye aliwahi kutolewa.

Sasa, bintiye wa pekee, Talalelei, akapata mimba. Mjukuu wa kwanza! Fuatino aliipokea habari hiyo kama mtu aliyepandishwa cheo. Tatizo lilikuwa jina. Kwa ukoo wao, jina la mtoto hutolewa na shangazi, na shangazi wa Talalelei ni Makelita, dada wa mume wake Fuatino. Wifi huyu aliwapa watoto majina ya jambo lililotokea siku waliyozaliwa. Wengi kwetu hufanya hivyo, lakini Makelita alizidisha. Kuna Afa, kwa sababu alizaliwa siku ya kimbunga. Kuna Pasi, aliyezaliwa ndani ya basi kabla hawajafika hospitali. Na kuna maskini Pisupo, kwa sababu siku ile lilifika katoni la nyama ya kopo kutoka Auckland. Leo Pisupo ni askari polisi, na hakuna mwizi anayemwogopa.

Fuatino hakutaka mjukuu wake aitwe kwa jina la mlo. Alitaka aitwe Malaea, jina la marehemu mama yake, mkunga wa kijijini ambaye hakuwahi kulipa ada kwa mtu yeyote. Yeye alilipwa, kwa kuku na mikeka. Kwa hiyo Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, ukoo mzima ukiwa umekaa, alilitupa neno.

"Wifi, huyu ni mjukuu wangu wa kwanza. Jina naliomba mimi."

"Jina ni la shangazi, wifi yangu," Makelita alisema nyuma ya upepeo wake. Alikuwa na pengo mbele, meno mawili yalikwenda zamani, na kila alipotaka kucheka alijifunika upepeo. Wanawe walioko Auckland walikuwa wakimtumia hela akatengenezewa meno mapya, na tangu Krismasi alikuwa anasema anakwenda Apia wiki ijayo. "Mila haina likizo."

"Lakini nitampokea mimi. Mikono ya kwanza kumshika duniani ni hii hapa."

Makelita akapepea, akafikiri. "Haya. Ukimpokea kwa mikono yako mwenyewe, jina chukua. Ukikosa, hata kwa sababu ulikuwa unajikuna, jina ni langu. Na usije ukanililia."

"Nikose mimi? Nimekosa uzazi gani mimi?"

Wote walisikia. Mumewe, Aukuso, alisikia na akaendelea kula, maana ni mtu aliyejifunza zamani kwamba kati ya dada na mke mahali salama ni kwenye sahani.

Ikaja Jumapili ya mwisho kabla ya muda wa ada kwisha. Fuatino alikwenda kanisani amevaa nyeupe na kofia yake kubwa, na katika mkoba alikuwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa ya sadaka. Ya pili ilikuwa ada ya baraza, pamoja na nauli ya kivuko na hela ya chakula cha njiani, kwa kuwa Jumatatu alfajiri alikuwa anavuka kwenda Apia kulipa. Aukuso alimwambia aiache nyumbani. "Nyumbani kuna wapwa zako," alimjibu. "Kanisani ndiko itakuwa salama."

Salama, loo!

Siku hiyo sadaka ilikuwa ya paa la nyumba ya mchungaji. Na kwetu sadaka haitumbukizwi kapuni kimyakimya, Mungu na wewe. Inasomwa. Katibu wa kanisa, mzee Kirisome, husimama mbele, akavaa miwani, akasafisha koo, akataja jina na kiasi, na kanisa zima likasikia nani ana upendo wa kiasi gani. Mzee Kirisome ana sauti ya kuita watu kutoka mashambani.

"Makelita," alisoma. "Tala mia tatu."

Kanisa lilivuta pumzi. Makelita alitazama chini kwa unyenyekevu wa kujifunza mbele ya kioo.

"Fuatino, mke wa Aukuso. Tala hamsini."

Tuseme ukweli, hakuna aliyecheka. Hamsini si haba, kwa mtu wa mshahara ni nyingi. Lakini Fuatino alisikia upepeo wa Makelita ukianza kupepea, taratibu, pwa, pwa, pwa, na damu ikampanda mpaka kwenye kofia. Kabla hajajua ni nani anayesimama, alikuwa amesimama.

"Samahani, mzee Kirisome. Ya kwangu ina ya pili. Imechelewa tu kutoka."

Akatembea mbele, kofia wima, akaikabidhi ile bahasha ya ada. Mzee Kirisome akaifungua pale pale, akahesabu, akarekebisha miwani. "Fuatino, mke wa Aukuso, ameongeza! Jumla, tala mia tatu na ishirini!" Mchungaji alisema "Amina" ambayo haikuwa kwenye ratiba. Upepeo ulisimama. Fuatino alirudi kwenye benchi, na wimbo uliofuata aliuimba kwa sauti ya watu wanne.

Alikaa mbinguni hivyo mpaka nyumbani, mpaka sahani, mpaka kijiko cha pili cha tambi. Hapo kijiko kikasimama hewani.

"Vipi, moto?" Aukuso aliuliza.

"Sivyo," Fuatino alisema. Akakitazama kijiko. "Aukuso, mimi ni mjinga."

"Kwa lipi?" Aukuso aliuliza kwa uangalifu, maana yalikuwa mengi ya kuchagua.

Hakumwambia. Angemwambiaje? Na angefanya nini? Huwezi kumwendea mchungaji ukasema, Mtumishi, ile niliyompa Mungu, Mungu aniazime mpaka tarehe ya mshahara. Kukopa kijijini nako ni kutangaza, na mtangazaji wa kwanza angekuwa wifi. Akajipa moyo kwamba baraza huongeza muda kila mwaka. Wale wa Apia ni wazungushaji tu, wana huruma, wanajua ada ni mzigo. Yaani yeye, aliyewapigia wenzake kelele miaka yote kwamba baraza halina mchezo, sasa akaliombea liwe na mchezo.

Baraza halikuongeza muda hata kwa siku moja.

Epenesa alimwita ofisini, akafunga mlango. Mezani palikuwa na vyeti vya kila mtu, hata vya wale wasichana wa macho ya samaki.

"Mama, chako sikioni."

"Kiko njiani."

"Kiko njiani kutoka wapi? Nimepiga simu Apia, wanasema hujalipa."

Fuatino alitazama sakafu. Ilikuwa imepigwa deki vizuri. "Mshahara ukitoka nitalipa, na faini yake."

"Sawa. Lakini mpaka hapo humgusi mtu, mama. Unajua mwenyewe, wewe ndiye uliyenifundisha." Epenesa hakuwa anafurahi, na hilo ndilo lililouma zaidi, angalau angecheka, mtu apate wa kumkasirikia. "Kuna mashuka ya kukunja kule chumba cha kufulia. Yameshafuliwa. Hayana damu."

"Na mimi nimekiona kiingilio," Fuatino alisema, na kicheko kikamtoka bila kukusudia, kifupi, kibaya.

Nyumbani akasema mgongo unamsumbua, amepewa kazi nyepesi. Uongo ule nao ulikuwa na ada yake. Jioni ile ile Makelita alifika na chupa ya mafuta ya nazi, mikono kaikunja tayari. Makelita alikuwa mkandaji, tena mkandaji wa kweli, mwenye vidole vya kufungulia makopo. Akamlaza wifi yake kifudifudi mkekani.

"Ni hapa?"

"Ni hapo. Aiii! Ni hapo."

"Mbona Aukuso alisema upande ule?"

"Unahama, wifi. Ni mgongo wa kuhama."

"Basi niukande wote," Makelita alisema, akapanda magoti. Kwa wiki nzima alikuja kila jioni, akamponda Fuatino kama taro, na Fuatino, ambaye alikuwa mzima kabisa siku ya kwanza, kufikia Ijumaa alikuwa na mgongo unaouma kweli. Mara mbili alifungua mdomo amwambie. Mara zote mbili akasikia masikioni ile pwa, pwa, pwa, akaufunga. Aliomba jambo moja tu, mtoto angoje mshahara. Mshahara ulikuwa karibu. Angoje kidogo tu, wajukuu wa watu wengine si huchelewa?

Mjukuu wake hakuwa wa kuchelewa. Alikuwa na haraka kama bibi yake.

Jumanne asubuhi, Fuatino akiwa na shuka mkononi, alisikia sauti anayoijua tangu ilipokuwa kilio cha kwanza. "Mamaa! Yuko wapi mama yangu?" Akaliacha shuka, akakimbia. Talalelei alikuwa ameshalazwa kitandani, jasho linamtoka, na Epenesa mwenyewe anavaa glavu. Fuatino alisimama mlangoni, mikono yake imejinyoosha mbele peke yake kama mbwa aliyeona mwenye nyumba. Epenesa aliitazama ile mikono, akamtazama usoni, kisha kwa kichwa akaonyesha pembeni, karibu na dirisha.

Kiti cha jamaa.

Fuatino akaenda akakaa. Alikuwa hajawahi kukikalia. Kilikuwa kifupi, mguu mmoja unacheza, na ukikaa hapo huoni chochote cha maana, unaona uso wa mwanao tu, na uso wa mwanao unaumia. Mungu wangu, alifikiri, hapa ndipo nilipowakalisha.

"Mlaze ubavu wa kushoto kwanza," alisema.

"Jamaa ana kazi moja, mama," Epenesa alisema bila kugeuka.

Alinyamaza. Alinyamaza mpaka uchungu uliofuata. "Asisukume bado!"

"Mama Fuatino, nitakutoa."

Nyuma yake, nje ya dirisha, mtu alikohoa. Makelita alikuwa amesimama barazani, kapachika uso wake katikati ya vioo. Jamaa ni mmoja tu chumbani, lakini hakuna sheria inayokataza dirisha.

"Mama!" Talalelei alipiga ukelele. "Mbona umekaa? Vaa glavu! Uliniahidi wewe!"

"Mgongo, mwanangu."

"Mgongo wa nini! Nani alikwambia unipokelee kwa mgongo? Njoo hapa!"

Fuatino alimtazama. Nywele zimemganda usoni, midomo imekauka, anamtaka mama yake kama alipokuwa mtoto na homa. Akaona hawezi tena. Akasogeza kiti mpaka ubavuni mwa kitanda, kinakwaruza sakafu, akamshika mkono, na akasema yote kwa pumzi moja.

"Sina mgongo. Mgongo mzima, ila sasa shangazi yako ameuvunja. Sina cheti. Sikulipa ada. Hela ya ada niliitoa kanisani."

"Uliitoa kanisani?"

"Na nauli ya kivuko. Na hela ya chakula."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mzee Kirisome alisoma mia tatu ya shangazi yako, halafu akasoma hamsini yangu, na shangazi yako akanipepea upepeo. Nimeuza mikono yangu kwa paa la mchungaji, mwanangu. Na wala silali mimi chini ya hilo paa. Nisamehe."

Talalelei alimkodolea macho. Kisha tumbo likaanza kutikisika, na Fuatino akadhani ni uchungu mwingine, kumbe ni kicheko. Alicheka huku analia. "Ya pili imechelewa tu kutoka!" alisema, akacheka mpaka Epenesa naye akashindwa, mabega yakimruka. "Ya pili! Mama, ya kwangu nayo, aaa! Aaa, inatoka!"

"Inatoka kweli!" Epenesa alisema. "Cheka, dada, cheka hivyo hivyo, endelea!"

Na mtoto akatoka kwa kicheko, msichana, mweusi wa nywele, ana hasira. Mikono ya kwanza kumshika duniani ilikuwa ya Epenesa. Fuatino aliiona ikimshika vizuri, kichwa kiganjani, kama alivyoifundisha, na ikamuuma na ikampendeza kwa pamoja. Mkono wake mwenyewe haukupata kitu ila vidole vya Talalelei, vilivyokuwa vimeubana mpaka umekufa ganzi. Watoto wote aliowapokea, na hakuwahi hata siku moja kushikwa mkono na mzazi. Alikuwa daima upande ule mwingine wa kitanda. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwake yeye vilifika pamoja, saa moja, chumba kimoja.

Dirishani, Makelita alikuwa anacheka wazi, bila upepeo, pengo lote nje, machozi yanamtiririka.

"Nicheke, wifi," Fuatino alisema. "Nimeyataka."

"Sikucheki wewe peke yako!" Makelita alisema akijifuta. "Unadhani ile mia tatu yangu ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya meno, wee mwanamke! Wanangu wamenitumia ya meno! Nikasema wiki hii Fuatino asipite mbele yangu, potelea mbali, nitatafuna kwa ufizi."

Walitazamana kupitia vioo, mmoja hana cheti, mwingine hana meno, na mchungaji ana paa.

"Ila jina ni langu," Makelita alisema.

"Ni lako," Fuatino alisema. Lilimpanda kooni lile jina Malaea, akalirudisha. "Lakini nakuomba, wifi, si Bahasha. Wala si Upepeo."

Makelita alitazama chumba polepole, kitanda, mtoto, glavu. Macho yake yakatua. "Nofoa," alisema.

Nofoa ni kiti.

"Kwa sababu siku aliyozaliwa," Makelita aliendelea kwa raha, "bibi yake alikaa kitini akanyamaza. Kimbunga tumekiona mara nyingi. Hili halijawahi kutokea." Kisha sauti ikashuka. "Na siku utakayoniletea hicho cheti nikakiona kwa macho yangu, jina la pili liandike wewe. Najua unalitaka lipi. Mama yako ndiye aliyenipokea mimi."

Mshahara ulipotoka, Fuatino alivuka kwenda Apia, akalipa ada na faini juu yake, akailaani ada, akailaani faini, akajilaani mwenyewe kwa kirefu, na kivuko kizima kikajua kwa nini. Alirudi na cheti, akapita nacho kwa Makelita kabla hajafika kwake. Mtoto akaandikwa Nofoa Malaea. Wauguzi wachanga hawakusikia tena "macho ya samaki." Mwezi wa ada ulipofika, Fuatino alizunguka wodini akiuliza kwa sauti ya chini nani amepungukiwa, na yeye ndiye aliyekwenda na Epenesa kupiga meza mbele ya mkuu wa wilaya kwamba ada ile imezidi. Haikushuka, lakini mdomo ulipata pa kwenda.

Siku moja akaletwa mzazi kutoka kijiji cha mbali, na mama mkwe wake. Mama mkwe alikaa kwenye kile kiti, akajipanga, akaanza: mlazeni hivi, mimi nilivyozaa mume wake. Fuatino, glavu mikononi, alifungua mdomo. Wasichana wakangoja ile sentensi.

"Mama," alisema, "sogeza kiti. Karibu zaidi, hapo mbali huoni kitu. Mshike mkono."

Yule mama alisogea, akashika mkono, akamtazama Fuatino kwa shaka. "Nimeambiwa huku mtu akiongea anatolewa."

"Ukiongea nitakutoa."

"Basi nikae kimya kama bibi yake Nofoa?"

Wasichana waligeukia ukutani, mabega yanaruka. Kumbe habari ilikuwa imeshavuka mlima.

"Afadhali ujaribu," Fuatino alisema akiinama kazini. "Mimi kujifunza kunyamaza kulinigharimu tala mia tatu na ishirini, na faini."